Mstari mwekundu chini ya Kiswahili: Jinsi programu za blogu zinavyokagua tahajia ya lugha nyingi

MWANDISHI wa blogu akifungua programu iliyowekewa lugha ya Kiingereza na kuandika sentensi kama "Watoto hawajatuandikia barua", kila neno hupigiwa mstari mwekundu. Sentensi yenyewe haina kosa la hijai wala la sarufi. Hata hivyo, tarakilishi imeihukumu yote kuwa makosa.

Sababu ni nyepesi. Chombo kinachokagua tahajia kimepewa kamusi moja tu, ya Kiingereza, na kila neno lisilokuwemo humo hukiona kuwa kosa. Hakijui kama kimekutana na Kiswahili, Kijaluo au herufi zilizobonyezwa ovyo na mtoto.

Hali hii ina madhara mawili kwa anayeandika. Kwanza, huuzoea mstari huo mwekundu hadi akaacha kuutazama. Siku anapoandika "mwanfunzi" badala ya "mwanafunzi", hakuna kinachomzindua, kwa kuwa neno hilo na majirani zake sahihi yote yana alama ile ile.

Pili, huanza kukubali mapendekezo ya mashine. Kati ya "sana" ya Kiswahili na "sane" ya Kiingereza kuna tofauti ya herufi moja. Ndivyo ilivyo kwa "pia" na "pie", na kwa "kama" na "karma". Katika simu, ambako neno aghalabu hubadilishwa bila mwenyewe kuulizwa, maandishi huweza kuchapishwa yakiwa na maneno ambayo mwandishi hakuyakusudia kamwe.

Kwa lugha ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua kuwa ya taifa na pia rasmi, jambo hili si dogo. Makala haya yanaeleza ukaguzi wa tahajia ulikotoka, unavyofanya kazi, na kwa nini Kiswahili kinauhitaji kwa namna tofauti na Kiingereza.

Chimbuko

Wazo la kuitumia tarakilishi kukagua tahajia lina umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 1961, nchini Marekani, Les Earnest alitumia orodha ya maneno 10,000 kuisaidia programu ya kutambua mwandiko wa mkono.

Mwaka wa 1964, Frederick Damerau alichapisha uchunguzi ambao ungali msingi wa kazi hii. Alibaini kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa ya aina moja kati ya nne: herufi moja kuongezwa, herufi moja kuachwa, herufi moja kuandikwa mahali pa nyingine, au herufi mbili zinazofuatana kupishana.

Mwaka wa 1971, Ralph Gorin wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika programu iliyoitwa SPELL, na kutokana nayo ikatokea Ispell, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika mitambo ya Unix.

Programu hizo za mwanzo zilikuwa za Kiingereza. Lugha nyingine zilipata nafasi pana pale kamusi ilipotenganishwa na programu, ili injini moja iweze kusoma kamusi ya lugha yoyote. Miongoni mwa waliofanya hivyo ni Kevin Hendricks, aliyetengeneza MySpell kwa ajili ya OpenOffice.org.

László Németh wa Hungary aliikuza kazi hiyo kuwa Hunspell, kwa kuwa lugha yake ya Kihangari ina viambishi vingi ambavyo MySpell haikuvimudu. Hunspell iliingia katika OpenOffice.org mwaka wa 2006 na katika kivinjari cha Firefox mwaka wa 2008. Baadaye ilitumiwa pia na Chrome na LibreOffice.

Utenganisho huu ulikuwa na faida kubwa kwa lugha zisizo na soko la fedha nyingi. Mtaalamu wa lugha aliyeko Njoro au Dar es Salaam aliweza kutengeneza kamusi bila kuwa mwajiriwa wa kampuni ya programu, na bila kubadilisha hata mstari mmoja wa programu yenyewe.

Kinavyofanya kazi

Kikagua tahajia cha aina ya Hunspell hutumia faili mbili. Moja ni orodha ya maneno, na kando ya kila neno pana alama. Nyingine ina kanuni zinazoeleza alama hizo, yaani viambishi gani vinaweza kupachikwa kwenye neno gani.

Kazi huanza kwa kuyakata maandishi kuwa neno moja moja. Kila neno hutafutwa katika orodha. Lisipopatikana, programu hujaribu kuondoa viambishi kwa kufuata kanuni, kisha hutafuta kinachobaki. Lisipopatikana tena, hupigiwa mstari.

Mapendekezo hutokana na zile aina nne za Damerau. Programu huongeza, huondoa, hubadilisha au hupishanisha herufi za neno lililokosewa, kisha hutazama kama kinachotokea kimo katika kamusi. Kwa "mwanfunzi", kuongeza herufi "a" moja kunatosha kuleta "mwanafunzi".

Hata hatua ya kwanza, ya kukata maneno, ina mitego. Katika "ng'ombe" au "ng'oa", alama ya ritifaa ni sehemu ya neno. Programu isiyofahamishwa hivyo huweza kuona vipande viwili, "ng" na "ombe", na kuvikataa vyote.

Isitoshe, programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda ili maandishi yapendeze. Iwapo kamusi ina ile iliyonyooka pekee, neno sahihi litahesabiwa kuwa kosa. Mtengenezaji wa kamusi anaweza kuandika kanuni ya kuzilinganisha alama hizo mbili, lakini ni lazima akumbuke kufanya hivyo.

Blogu na suala la lugha nyingi

Huduma ya Blogger ilianzishwa mwaka wa 1999 na kununuliwa na Google mwaka wa 2003. WordPress ilitolewa kwa mara ya kwanza Mei 27, 2003. Mtanzania Ndesanjo Macha, kupitia blogu yake ya Jikomboe, alikuwa miongoni mwa watangulizi wa uandishi wa blogu kwa Kiswahili katika miaka hiyo.

Ukaguzi wa tahajia ulifika kwenye visanduku vya kuandikia mtandaoni polepole. Firefox 2, iliyotolewa Oktoba 2006, ilianza kupigia mstari makosa ndani ya kivinjari chenyewe. Mwaka huo huo Microsoft ilitoa toleo la majaribio la Windows Live Writer, programu ya kuandikia makala ya blogu kwenye tarakilishi kabla ya kuyapeleka mtandaoni. Programu hiyo ilisitishwa mwaka wa 2017, ingawa msimbo wake ulikuwa umetolewa kwa umma mwaka wa 2015 kwa jina la Open Live Writer.

Nayo WordPress ilitumia kwa miaka mingi kihariri kiitwacho TinyMCE. Orodha ya kawaida ya kikagua tahajia chake ilikuwa na lugha 11: Kiingereza, Kidenmark, Kiholanzi, Kifini, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kipolandi, Kireno, Kihispania na Kiswidi. Zote ni za Ulaya. Hapakuwa na hata moja ya Afrika.

Baadaye WordPress ilikiondoa kikagua hicho, kwa kuwa vivinjari vilikuwa vikiifanya kazi hiyo vyenyewe. Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa kwa lugha kama Kiswahili. Aliyekuwa na kamusi ya lugha yake ndani ya kivinjari aliweza kuitumia katika blogu, barua pepe na tovuti yoyote ile.

Hapa ndipo wengi hutatizika. Kuna mambo matatu ambayo huonekana kama moja: lugha ya menyu za programu, lugha ya makala yenyewe, na lugha ya kamusi inayokagua. Mtu anaweza kuzigeuza menyu zote za blogu yake kuwa Kiswahili na bado maneno yake yakapigiwa mstari, kwa sababu kamusi ya kivinjari ingali ya Kiingereza.

Programu zinazodai kumudu lugha nyingi hutumia mojawapo ya njia nne. Ya kwanza ni kumwachia mwandishi achague lugha mwenyewe. Njia hii ni ya uhakika, ila humchosha anayehama kutoka lugha moja hadi nyingine katika aya moja.

Ya pili ni kuitia alama kila sehemu ya maandishi. Lugha ya kurasa za wavuti, HTML, ina alama maalumu ya kutaja lugha ya aya au hata ya neno moja, na baadhi ya programu huitumia kuchagua kamusi.

Ya tatu ni programu kuitambua lugha yenyewe. Mbinu iliyoelezwa na William Cavnar na John Trenkle mwaka wa 1994 hutazama mifuatano mifupi ya herufi inayojirudia. Katika Kiswahili, mifuatano kama "kwa", "nya" na "wan" hujitokeza mara nyingi. Mbinu hii hufaulu kwa aya ndefu, lakini hubahatisha kwa maneno mawili matatu.

Ya nne ni kutumia kamusi kadhaa kwa pamoja: neno likikubaliwa na kamusi moja, limepita. Firefox ilianza kuruhusu hili katika toleo la 100 la mwaka wa 2022. Kwa Wakenya, ambao huchanganya Kiswahili na Kiingereza kila siku, ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama. Anayeandika Kiingereza akikosea na kuandika neno ambalo ni halali katika Kiswahili hataonywa. Maneno "pole", "wake", "pale" na "mate" yamo katika lugha zote mbili kwa maana zisizohusiana. Kadiri kamusi zinavyoongezwa, ndivyo nyavu inavyopanuka matundu.

Kwa nini orodha haitoshi

Kiingereza kinaweza kuhudumiwa vyema na orodha ya maneno, kwa kuwa kitenzi chake huwa na maumbo machache tu. Kiswahili ni lugha ya viambishi.

Neno "hawajatuandikia" lina mofimu saba: "ha" ya ukanushaji, "wa" ya nafsi, "ja" ya wakati, "tu" ya yambwa, mzizi "andik", "i" ya kauli ya kutendea na kiishio "a". Kwa Kiingereza maana hiyo huhitaji maneno matano au sita, na kila moja limo katika kamusi ya kawaida.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme kitenzi kina viambishi 15 vya nafsi na ngeli, nyakati 4, na nafasi 16 za yambwa pamoja na ile isiyo na yambwa. Hayo tayari ni maumbo 960. Yakizidishwa kwa kauli 6, mathalan andika, andikia, andikwa, andikiwa, andikisha na andikiana, hufika 5,760.

Hata yakiondolewa yasiyoleta maana, bado yanabaki maelfu, na hapo hatujagusa ukanushaji, virejeshi kama katika "aliyeniandikia", wala hali za masharti kama "ningeandika". Na hicho ni kitenzi kimoja tu.

Hunspell, ambayo ilibuniwa kwa kuzingatia Kihangari, hustahimili zaidi viambishi tamati. Kwa kawaida huweza kuondoa tamati mbili, moja baada ya nyingine, lakini kiambishi awali kimoja pekee. Upo uwezekano wa kuugeuza mpangilio ili viambishi awali viwe viwili, ila hapo tamati hubaki moja.

Kwa hivyo mtengenezaji wa kamusi ya Kiswahili hulazimika ama kuunganisha vipande kama "hawajatu" na kuvihesabu kuwa kiambishi kimoja, ama kuorodhesha maneno yakiwa mazima. Akichagua orodha, maneno mengi sahihi yatakosekana. Akilegeza kanuni kupita kiasi, hata maumbo yasiyokuwepo katika lugha yatapita bila kuonekana.

Juhudi za Kiswahili

Suluhisho la kina zaidi lilianzia mbali na Afrika Mashariki. Mwaka wa 1983, Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni mfumo wa kuchanganua maumbo ya maneno kwa tarakilishi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kazi yake ya Kiswahili mwaka wa 1985, aliutumia mfumo huo kutengeneza kichanganuzi cha Kiswahili kinachojulikana kama SWATWOL.

Kichanganuzi hicho hakitafuti neno zima katika orodha. Hulivunja kuwa mofimu na kuuliza kama kila kipande kiko mahali pake, kama afanyavyo mwanafunzi wa shule ya upili katika zoezi la uchanganuzi. Kazi hiyo ndiyo msingi wa kikagua tahajia cha Kiswahili ambacho kampuni ya Lingsoft ya Finland ilikitayarisha kwa ajili ya Microsoft Office.

Microsoft ilitangaza mradi wake wa Kiswahili mwaka wa 2004. Desemba mwaka huo huo, mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria za ofisini.

Nchini Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha kamusi huria ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kwa kuwa ilitolewa kwa leseni inayoruhusu kila mtu kuitumia, iliweza kusambazwa pamoja na OpenOffice na programu zilizoirithi.

Kiswahili kipi?

Kila kamusi ya tahajia huamua, hata bila kutangaza, ni Kiswahili kipi kilicho sahihi. Usanifishaji ulioanza mwaka wa 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ulijikita katika lahaja ya Kiunguja, na tangu hapo Kenya na Tanzania zimekuwa na mazoea yasiyolingana katika baadhi ya maneno.

Mkenya huandika tarakilishi, rununu na runinga. Mtanzania huzoea kompyuta, simu ya mkononi na televisheni. Wapo wanaoandika "hususan" na "takriban", na wapo wanaotia irabu mwishoni, "hususani" na "takribani".

Ndiyo maana mitambo ya tarakilishi hutofautisha Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo kwa misimbo tofauti. Hata hivyo, msimbo bila kamusi ni jina tupu. Kamusi moja ikitumiwa kwa nchi zote, maneno ya upande mmoja yatapigiwa mstari kama kwamba ni makosa.

Lugha nyingine za Kenya ziko nyuma zaidi. Gĩkũyũ, kwa mfano, huhitaji irabu zenye alama juu yake, na mwandishi asiyekuwa na kibodi inayofaa huziacha kabisa. Kikagua tahajia hakiwezi kusahihisha herufi ambayo mwandishi hana njia ya kuiandika.

Makosa yasiyoonekana

Hata kamusi iliyokamilika ina mipaka. Mwandishi akisema "wananchi walienda kupiga kula", kila neno limo katika kamusi, lakini kilichokusudiwa ni "kura". Hali ni hiyo kwa "mahali" na "mahari", "kalamu" na "karamu", "fahali" na "fahari".

Makosa haya ya kuchanganya "l" na "r" ni ya kawaida miongoni mwa wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo. Kuyanasa kunahitaji programu inayotazama maneno jirani, na programu kama hiyo hujifunza kutokana na maandishi mengi yaliyosahihishwa vyema. Kwa sababu hii, kila makala safi ya Kiswahili yanayowekwa mtandaoni huweza kuwa funzo kwa mashine za kesho, na kila makala yenye makosa vilevile.

Mwandishi afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuangalia kamusi inayotumika. Katika vivinjari vingi, kubofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya kisanduku cha kuandikia huonyesha menyu ya lugha za ukaguzi. Kiswahili kisipokuwepo, huenda kikaongezwa kutoka kwenye orodha ya nyongeza za kivinjari.

Kivinjari kisipokuwa na kamusi hiyo, makala yanaweza kuandikwa kwanza katika LibreOffice au Microsoft Word, yakakaguliwa kwa Kiswahili, kisha yakanakiliwa hadi kwenye blogu. Katika simu, ni vyema kuongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya kibodi, au kuzima ubadilishaji wa maneno wa moja kwa moja.

Aidha, ni busara kujua maandishi yanakaguliwa wapi. Baadhi ya huduma hukagua ndani ya tarakilishi, nyingine huyatuma maneno kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali. Anayeandika habari nyeti au taarifa za watu wengine, ambazo nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anafaa kuchagua ukaguzi wa ndani.

Mwisho, kila neno sahihi linaloongezwa katika kamusi ya binafsi hupunguza mstari mwekundu kwa mwandishi mmoja. Neno hilo hilo likipelekwa kwa wanaotunza kamusi huria, hupunguza kwa wote. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Kiswahili katika tarakilishi bado hakijajaa. Hadi kitakapojaa, mwandishi atasalia kuwa msahihishaji wa kwanza na wa mwisho wa kazi yake.